Gari Lililoachwa Kenya

Porsche imeshinda mbio za Saa 24 za Le Mans mara 19, na hakuna kampuni nyingine iliyoifikia. Lakini mbio za Safari Rally za Kenya haijazishinda hata mara moja. Mwaka 1978 ilileta gari aina ya 911 lililoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini na kukingwa kwa bamba tumboni. Mkenya Vic Preston Mdogo akamaliza nalo wa pili, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas.

Msomaji wa Bukavu hatashangaa. Mzunguko wa Le Mans ni wa lami na haufiki kilomita 14. Safari, iliyoanza 1953, kwa miaka mingi ilikimbizwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha, kilomita kama 5,000 katika barabara za umma zenye malori, mabasi na ng'ombe. Mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu yalifika mwisho. Aliyeshuka mteremko wa Ngomo baada ya mvua, au aliyekuta udongo umeikata njia ya Minova, anaelewa. Hadi Hannu Mikkola aliposhinda na Ford Escort mwaka 1972, hakuna dereva wa ng'ambo aliyekuwa amelitwaa taji hilo.

Ila kisa kinachonigusa zaidi ni cha Volvo. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilituma timu ya kiwandani kutoka Sweden, na mpango ukavunjika. Gari moja, PV544, likabaki Kenya. Joginder Singh, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akalinunua na kuliandaa upya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliondoka wakiwa namba 1, wakashinda kwa tofauti ya saa 1 na dakika 40. Gari lilikuwa lilelile, limechakaa kwa mwaka mmoja zaidi. Joginder alishiriki Safari 22 akamaliza 19, na mwaka 1974, akiwa na Mitsubishi Lancer, aliiacha nyuma Porsche ya Björn Waldegård.

Hapa kwetu pia, kama timu ile ya kiwandani, mradi wa afya huja na Land Cruiser mpya, bajeti ya mafuta na tarehe ya kufunga. Springi ikivunjika kwenye njia ya Bunyakiri, kipuri kinasubiri saini ya mtu ambaye hajawahi kufika Bunyakiri. Wakati huohuo wagonjwa waliotakiwa kufikiwa wanasubiri pia, na hilo ndilo linaloniuma. Mafundi wa Kadutu, hapa Bukavu, kama Joginder, wanajua springi ipi hutangulia kuvunjika, na katika mwezi gani. Waitwe siku bajeti inapoandikwa, walipwe kwa ushauri huo kama anavyolipwa mtaalamu atokaye nje, na fedha za vipuri vya mwaka wa pili na wa tatu ziwekwe Bukavu, mikononi mwa watu watakaokuwa bado wapo mradi ukishafungwa.