Boti ya Plastiki Haitaki Gundi

Gundi ya epoksi hushika mbao, chuma na faiba. Ukiipaka kwenye kayaki ya plastiki iliyopasuka, itakauka na kung'aa, kisha itabanduka kama gaga la kidonda boti ikigonga mwamba. Kayaki nyingi hutengenezwa kwa polithini, plastiki ya jamii moja na madumu ya mafuta ya kula, na uso wake hauipi gundi pa kung'ang'ania.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mwenye boti aijue plastiki yake. Akwangue kipande kidogo akitie kwenye maji matamu: polithini huelea, faiba huzama. Faiba dawa yake ni resini na kitambaa cha nyuzi za kioo. Polithini huchomelewa.

Kazi huanzia kwenye ncha za ufa. Toboa kitundu cha milimita tano hivi kila ncha. Bila hivyo ufa utaendelea kutembea, kwa sababu nguvu zote hukusanyika pale unapoishia. Kisha chonga mfereji wenye umbo la V kuufuata ufa, usafishe, ukaushe kabisa. Kijiti cha kuchomelea kiwe cha plastiki ileile. Kipande cha dumu kuukuu lenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu huweza kufaa, ila kijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana: kikipoa, kivute kwa koleo, na kikibanduka kitupe.

Polithini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Kosa la wengi ni kuyeyusha kijiti peke yake na kukimwaga juu ya boti baridi. Pande zote mbili lazima zilainike na kung'aa kwa pamoja ndipo ziungane. Zikitoa moshi, zimeungua, na kiungo hicho kitakatika. Fanya kazi hii nje penye upepo, na uache kiungo kipoe chenyewe.

Plastiki chakavu, kama hiyo ya dumu kuukuu, si ya kudharauliwa. Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi zima, Flipflopi, kwa taka za plastiki. Mwaka uliofuata jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar.

Boti ikishapoa, ijaribiwe nchi kavu: mimina maji ndani, pangusa nje, subiri. Tone likijitokeza, hapo ndipo pa kurudia. Lakini plastiki iliyopauka kwa jua na kupasuka kila inapoguswa haiponi. Boti hiyo isirudishwe baharini.