Mlango wa funguo mbili

Mtihani wa leseni ya uuguzi ukikaribia, simu yangu haitulii. Safari hii wasomaji wengi wameniletea swali lile lile: mtoto wa miezi 10, kilo 8, anaharisha tangu jana. Hatulii, macho yamedidimia, akionyeshwa kikombe anakirukia. Ukimfinya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, inarudi polepole, lakini sekunde mbili hazifiki. Utaanza na nini? Wengi wanajibu dripu. Alama hawapati, na huyo mtoto angetobolewa mkono bure.

Jibu ni ORS, ile paketi ya chumvi na sukari inayokorogwa kwa maji, kwa mdomo. Ila ukilikariri hivyo hivyo, mtunga mtihani atakugeuzia swali kidogo tu na utapotea. Afadhali ujiulize: sukari inafuata nini kwenye paketi hiyo ya chumvi?

Nimesikia kwamba ni ya kumpa mtoto nguvu. Nimesikia kwamba ni ya kuficha ladha. Sivyo. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1, nayo ni mlango wa funguo mbili. Glukosi ikija peke yake haipiti. Sodiamu nayo hivyo hivyo. Mpaka sodiamu mbili na glukosi moja zikae pamoja, ndipo protini inajigeuza na kuzimwaga ndani ya seli, na maji yanazifuata. Kinachonishangaza kila nikikifikiria ni hiki: sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli zimwage kloridi, na maji nyuma yake, lita kwa lita, lakini mlango huu haiugusi. Mgonjwa anavuja huku bado ana uwezo wa kunyonya maji!

Robert Crane aliueleza utaratibu huu mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi mjini Bongaon, India, dripu za kutibu kipindupindu hazikutosha, na daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

ORS ya sasa, iliyopitishwa mwaka 2002, ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Zimelingana makusudi. Ndiyo maana soda si mbadala: sukari yake ni nyingi mno, sodiamu karibu hakuna, na sukari inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini. Mtoto anaharisha zaidi. Anayekoroga paketi kwa nusu ya maji yaliyoandikwa, eti iwe kali ifanye kazi upesi, naye anaharibu hesabu ile ile.

Sasa hawa mafundi wa "meno ya plastiki", wanaodai kwamba meno hayo ndiyo yanayomharisha mtoto. Mtoto anahara na ana homa, fundi anapapasa fizi, anatangaza ameliona jino la plastiki, analichokonoa kwa kitu chenye ncha. Kinachotoka ni kichipukizi cha jino la mtoto mwenyewe, mara nyingi chonge. Kinachoingia ni vijidudu, na damu inapotea kwa mtoto ambaye tayari amekauka. Kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Kukiisha, sifa ni za fundi. Mtoto akifa, wazazi wanaambiwa walichelewa. Biashara gani hiyo isiyopata hasara? Na wale wanaopaka dawa kwenye utosi uliobonyea: utosi umebonyea kwa sababu maji yamepungua mwilini. Upake usiku kucha, hautanyanyuka mpaka mtoto anywe.

Mengine haraka haraka. Zinki miligramu 20 kwa siku, 10 kwa walio chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Ziwa lisikatizwe. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee taratibu zaidi. Dawa za kufunga kuhara hazimhusu mtoto. Choo chenye damu kinataka antibayotiki, na cha maji matupu kwa kawaida hakitaki. Dripu ni ya yule aliyelegea, asiyeweza kunywa, ngozi ikirudi kwa zaidi ya sekunde mbili: mililita 100 kwa kila kilo. Aliye chini ya mwaka mmoja apewe 30 katika saa ya kwanza na 70 katika saa 5 zinazofuata.

Turudi kwa mtoto wetu. Mililita 75 kwa kilo, mara kilo 8, ni 600 kwa muda wa saa 4. Wanafunzi wanaiandika namba hiyo na kufunga kitabu, lakini mama aliyekaa kwenye benchi na kikombe hawezi kuitumia namba hiyo. Mwambie: kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili. Kijiko ni mililita 5; piga hesabu, utaikuta 600 ile ile. Muda ukiisha, mfinye ngozi tena, uhesabu.