Ukoma Usiposikia Rifampisini

Dozi moja ya rifampisini huua zaidi ya asilimia 99 ya vimelea hai vya ukoma mwilini. Kwa sababu hiyo imekuwa nguzo ya tiba mseto, pamoja na dapsoni na klofazimini, tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 1981. Mwenye mabaka machache humeza dawa miezi 6, mwenye mengi miezi 12, bila malipo.

Wapo wachache wasioweza kuifuata njia hiyo. Dapsoni huweza kupasua chembe nyekundu za damu, hasa kwa aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Daktari huiondoa, mgonjwa akaendelea na zilizobaki. Kazi ngumu ni pale vimelea vinapokuwa sugu kwa rifampisini yenyewe. Hapo miongozo ya Shirika hilo ya 2018 inataka klofazimini kila siku pamoja na dawa mbili kati ya klarithromaisini, minosaiklini na kwinoloni kama ofloksasini, kwa miezi 6. Kisha klofazimini na moja kati ya hizo kwa miezi 18 mingine. Ni miaka miwili mizima ya vidonge, na minosaiklini haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo.

Kwa nini dawa hizi zisitolewe moja moja? Dapsoni ilitumika peke yake tangu miaka ya 1940, na kufikia 1964 usugu ulikwisha kuthibitishwa. Hatuna dawa nyingi kiasi cha kurudia kosa hilo. Bedakwilini, inayotibu kifua kikuu sugu, imeonyesha matumaini katika utafiti wa Brazili uliochapishwa 2024, lakini wagonjwa walikuwa 9 tu.

Usugu hauonekani kwa macho. Vimelea hivi havioti maabara kama vingine, hivyo wataalamu husoma vinasaba vyake. Mabaka yanapovimba ghafla na kuwa mekundu, au mishipa ya fahamu inapouma katikati ya tiba, wengi hudhani dawa imeshindwa. Mara nyingi huo ni mpambano wa kinga ya mwili, unaohitaji predinisoloni haraka kabla mkono au mguu haujapooza. Antibayotiki nyingine haitasaidia.

Ukiona dalili hizo, usiache dawa wala usinunue nyingine dukani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uombe mishipa yako ipimwe.