Dereva wa treni afundishwe na nani?

ZAMANI, msafara wa kutoka Tabora kwenda pwani uliongozwa na kirangozi, mtu aliyekwisha kuipita njia. Leo, Tabora ikiwa na chuo cha reli, swali ni lile lile: dereva wa treni afundishwe na mwenye shahada au aliyewahi kuendesha?

Mfano ni breki za upepo. Shinikizo la hewa kwenye bomba likishuka, breki hushika. Dereva akizishika na kuziachia mara kwa mara kabla matangi ya mabehewa hayajajaa tena, nguvu ya breki huisha. Kitabu hueleza kanuni hiyo. Subira ya kuitumia mteremkoni hufundishwa na mzoefu.

Uzito wa somo hilo ulionekana Juni 24, 2002. Treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mwinuko karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Kikwazo ni kwamba vyuo vikuu hupanga vyeo vya wahadhiri kwa shahada na machapisho, si kwa miaka ya kazi. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Asipopewa mkataba wa kufundisha kwa vitendo, ujuzi wake huondoka naye.

Hata hivyo, uzoefu pekee hautoshi. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ina upana wa meta moja na treni zake hutumia dizeli. Ile ya kisasa ina milimita 1,435 na hutumia umeme. Mstaafu hana budi kujifunza upya, na mhadhiri kuingia karakana.