Kesi ya Betri Yasikilizwa Mtumba

Washitakiwa walikuwa saba: wateja, kampuni za mafuta, kampuni za magari, serikali ya Marekani, bodi ya hewa safi ya California, teknolojia ya haidrojeni, na betri. Filamu ya Chris Paine ya mwaka 2006, Who Killed the Electric Car?, inawatia hatiani sita. Betri peke yake inaachiwa huru.

Marehemu ni EV1, gari la umeme la General Motors. Mwaka 1990 California iliamuru kwamba ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mapya ya kampuni kubwa yawe hayatoi moshi kabisa. GM ikaunda EV1 1,117 kati ya 1996 na 1999, ikazikodisha bila kumuuzia mtu, kisha amri ilipolegezwa ikazikusanya na nyingi ikazisaga. Filamu inayaonyesha kutoka angani: magari yamebanwa bapa kama chapati na kupangwa jangwani Arizona. Waliokuwa wakiyaendesha walilinda usiku na mchana magari 78 ya mwisho huko Burbank, wakaahidi dola milioni 1.9 wauziwe. Wakakataliwa. GM ilijitetea kwamba kati ya watu 5,000 walioandikisha majina, 50 tu ndio walioendelea hadi kukodi.

Watazamaji wa Marekani walitoka na hasira ya kunyang'anywa. Mtumba, Dodoma, nilikoitazama na madereva, mafundi na vijana wa ofisini kwenye mgahawa mmoja jirani na Mji wa Serikali, hasira hiyo haikushika. Kijana wa bodaboda aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo walikuwa wanalipa kila mwezi, halafu mkataba ukiisha chombo si chako?" Yeye pikipiki yake ni ya mkataba, anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, na akimaliza inakuwa yake. Aliwaona wale Wamarekani wanaolia barabarani kama watu waliosaini bila kusoma. Nadhani ana hoja kuliko wahakiki wengi wa filamu hii. Paine anatafuta muuaji, ilhali funguo hazikuwahi kuwa za dereva.

Ubishi ulipamba moto kwenye hukumu ya betri. Dereva wa shangingi, mtu mzima aliyezoea kulala Dar na kuamkia Dodoma, aliweka kikombe chini. "Kaka, betri imeachiwa kwa sababu hakuna shahidi aliyetoka Gairo, huko njiani."

Tuanze na upande wa utetezi. Betri ya EV1 ya kwanza ilikuwa ya risasi na asidi, ndugu wa hii iliyomo kwenye gari lako, yenye uzito unaozidi kilo 500. Ilibeba kama uniti 16.5 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Kwa hiyo nusu tani ya betri ilibeba nishati isiyofika lita 2 za petroli! Hata hivyo gari lilikwenda zaidi ya kilomita 100, kwa sababu injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto la rejeta na ekzosi, na robo tu, au zaidi kidogo, ndiyo inayofika kwenye matairi. Mota ya umeme hufikisha sehemu tisa katika kumi. Filamu inasema Mmarekani wa kawaida hatembei hata kilomita 50 kwa siku, basi betri ilimtosha. Hoja hiyo inamfaa pia mtumishi anayekaa mjini na kufanya kazi Mtumba, chini ya kilomita 20 kwenda, na kurudi vivyo hivyo.

Lakini dereva wetu hakuwa anazungumzia mjini. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 450. Gari la leo lenye betri ya lithiamu ya uniti 60, likila uniti 17 kwa kilomita 100, litaishiwa kwenye 350. Ukitoka Dar kuna mlima pia. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Kuinua gari la tani 1.8 hadi huku kunahitaji uniti 5 na nusu, mbali na za kwendea, sawa na kujinyima kilomita 30. Ukiteremka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya uniti hizo, kitu ambacho dizeli haijawahi kumfanyia mtu.

Shida ni kujaza. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 3 hivi, kwa hiyo uniti 60 zinataka saa 20. Chaja kubwa ya kilowati 50 ingemaliza kwa saa moja na kidogo, muda wa kula nyama choma Morogoro. Kwa bei ni raha: kwa shilingi 356 ya uniti moja ya matumizi ya kawaida, kilomita 100 ni kama shilingi 6,000, na hakuna gari la petroli la ukubwa huo linaloikaribia bei hiyo.

Fundi mmoja akasema tunabishana bure, safari ndefu ya umeme tayari ipo. Ni kweli. Treni ya SGR kati ya Dar na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, inakimbia kwa umeme wa kilovolti 25 unaotoka kwenye waya juu yake. Haikungoja betri iwe nyepesi, iliiacha. Mimi naona hukumu ya haki iko hapo: betri haina hatia mjini, na njia ndefu ipewe waya mpaka chaja zifike Gairo na Dumila.

Kuna ushahidi ambao mahakama ya Paine haikuusikiliza. Baadhi ya betri zilizofuata za EV1 zilikuwa za nikeli, na nikeli iko Kabanga, Ngara. Grafati ya betri za leo iko Mahenge. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, na mchimbaji wa Kolwezi anayeshuka shimoni anazungumza Kiswahili. Kweli, betri za lithiamu na chuma hazihitaji kobalti wala nikeli, na zinazidi kuenea. Hilo nalo linamuuma mchimbaji kwa namna nyingine.

Mzee wa shangingi hakushawishika. "Dizeli ikiniishia Pandambili naletewa dumu. Uniti nitaletewa na nani?" Kijana wa bodaboda akamwambia Kigali na Nairobi pikipiki za umeme hazingoji kuchajiwa, dereva anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka. Mzee akauliza betri ya gari ina kilo ngapi. Akaambiwa mia nne hivi. Akaagiza chai nyingine.