Kiyoyozi cha Gari Kinapopiga Kelele Baada ya Gari Kukaa

Gari la mradi likikaa miezi miwili au mitatu bila kuendeshwa, kinachokaguliwa kwanza ni betri, matairi na breki. Kiyoyozi husahaulika, mpaka siku kinapowashwa na kelele kusikika chini ya boneti. Hapo kamati huletewa makadirio ya kununua kompresa mpya. Kabla ya kuidhinisha fedha hizo, ni vema tuelewe kelele inatoka wapi.

Kompresa ni pampu inayosukuma gesi ya ubaridi. Oili yake huzunguka pamoja na gesi hiyo. Gari likisimama muda mrefu, oili hutuama na mipira ya kuzuia uvujaji hukauka. Gesi hupotea kidogo kidogo, na ikipungua, oili nayo hairudi vizuri kwenye kompresa. Vyuma huanza kusagana.

Tunashauri dereva asikilize kwanza. Puli ya kompresa huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Kwa hiyo kelele ikisikika hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, cha kushuku kwanza ni beringi ya puli, ambayo mara nyingi hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Ikianza pale tu kiyoyozi kinapowashwa, na ikaendelea, huenda tatizo limo ndani ya kompresa. Kizimwe mara moja. (Mlio mmoja mfupi wakati wa kuwasha ni wa kawaida: ni klachi inashika.)

Jambo hili si la starehe tu. Katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha kompresa, alteneta na pampu ya maji. Kompresa ikikwama, mkanda huweza kukatika, injini ikachemka, na gari lililobeba mgonjwa likasimama njiani.

Kama kompresa imesagika kweli, kununua mpya pekee hakutoshi. Ni lazima mabomba yasafishwe chembe za chuma na chujio la kukausha unyevu libadilishwe. Fundi asiyefanya hivyo ataiharibu na hiyo mpya. Wala gesi isiachiwe hewani: R-134a, inayotumika katika magari mengi, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kiyoyozi kiwashwe dakika 10 angalau mara moja kwa mwezi, hata Julai kwenye baridi ya Lushoto au Makete, na dereva aandike tarehe kwenye kitabu cha gari.