Mwalimu wa Irlandi na manowari ya chini ya maji

Tarehe 2 Oktoba 1901, katika mji wa Barrow, huko Uingereza, chombo kimoja kilichojengwa kwa siri kilishushwa majini. Jina lake Holland 1. Ndicho chombo cha kwanza cha jeshi la bahari la Waingereza chenye kuenda chini ya maji. Tena ajabu ni hii: yeye aliyekifikiri hakuwa rafiki yao.

John Philip Holland alizaliwa Liscannor, katika Irlandi, mwaka 1841. Akiwa kijana aliingia shirika la Mafurere, akafundisha shuleni, na wakati ule alianza kuchora meli za kuzama. Afya yake ilikuwa zaifu. Mwaka 1873 alitoka shirikani, akasafiri mpaka Marekani, akawa mwalimu tena katika shule ya wakatoliki ya Paterson. Huko Wairlandi waliotaka kuondoa utawala wa Waingereza kwao walimpa feza, ajenge chombo cha kuzamisha meli za adui. Mwaka 1881 kilikuwa tayari. Lakini mwaka 1883, kwa sababu ya ugomvi wa feza, wenyewe walikiiba usiku, wala hawakujua kukiendesha!

Holland hakuacha. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilinunua chombo chake kingine kwa dola 150,000. Waingereza nao waliona ya kama Wafaransa wanaendelea kujenga manowari za namna hii. Wakaagiza vyombo vitano kwa ruhusa ya kampuni ya Marekani iliyokuwa na haki juu ya mipango yake. Hivi mashine iliyofikiriwa juu ya kuwapiga ikawa silaha yao.

Inazama namna gani bila kupotea? Twaa chupa, uitie maji kidogo kidogo, kiisha uizibe na kuiweka mtoni: itaelea, shingo tu ikionekana. Holland alifanya vile. Matangi yalijazwa maji ya bahari mpaka chombo kibaki chepesi kidogo tu kuliko maji. Hakikushuka kama jiwe: mapezi ya nyuma yaliinamisha pua yake na motere ya umeme ikakisukuma chini, ginsi samaki anavyoteremka. Motere ikisimama, chombo chapanda chenyewe. Na matangi makubwa yalijazwa kabisa, maana maji yenye kuchezacheza ndani huhamisha uzito, na chombo huyumba. Wengi waliomtangulia walishindwa kwa neno hili.

Shida kubwa ilikuwa esansi. Juu ya maji motere ya esansi ya nguvu za farasi 160 ilifanya kazi. Chini haikuwezekana, kwani ingekula hewa ya watu. Fikiri basi watu 8 katika bomba la meta 19 na nusu, pamoja na batri, motere na torpedo, na harufu ya esansi pande zote. Walichukua panya weupe: panya akilegea, hewa imeharibika. Lakini panya hazuii moto. Mwezi wa Machi 1903 mlipuko ndani ya chombo uliumiza watu wanne.

Periskopi ilitengenezwa na Kapteni Bacon, mkubwa wa vyombo hivi. Ukitazama mbele, meli inaonekana sawa. Ukiigeuza kutazama ubavuni, meli inalala. Ukitazama nyuma, imepinduka miguu juu!

Vita chombo hiki hakikuona. Oktoba 1904 manowari za Warusi zilipiga kwa makosa wavuvi Waingereza. Holland 1 na wenzake walitoka Portsmouth kuzishambulia, wakaitwa kurudi kabla ya kupiga. Kazi yake ya kweli ilikuwa kufundisha mabaharia. Mwaka 1913 kiliuzwa kama chuma kikuukuu kwa pauni 410. Kikivutwa kwenda kuvunjwa, kilizama karibu na mnara wa Eddystone, bila mtu ndani.

Holland alikufa tarehe 12 Agosti 1914. Tarehe 22 Septemba, manowari moja ya Wadachi yenye kuenda chini ya maji ilizamisha meli tatu za Waingereza kwa asubuhi moja. Watu zaidi ya 1,400 walikufa.

Na chombo chenyewe? Kilipatikana mwaka 1981, kikainuliwa mwaka 1982. Chumvi iliendelea kukila, hata mwaka 1995 wakakilowesha miaka minne katika maji ya dawa. Leo kinakaa Gosport, ndani ya nyumba yenye hewa kavu, na wageni huingia ndani yake.